Tumboni inakunjamana, kiunoni inachanika: hesabu zilizojificha kwenye keki ya sangara

Saa nne usiku, jikoni kwa dada yangu, mtaa wa Nyamanoro, Mwanza. Mezani kuna keki ya kilo tatu yenye umbo la sangara: kichwa kipo, tumbo lipo, mkia upo. Imeagizwa na watoto wa mzee mmoja aliyestaafu uvuvi, kesho mchana wanamfanyia sherehe ya kutimiza miaka 70. Dada amesukuma fondanti yake vizuri kabisa, ameinyanyua kwa mikono miwili, ameitandaza juu ya samaki. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Tumboni ikajaa mikunjo kama sketi ya marinda. Pale kiunoni, sehemu samaki anapokonda kabla ya mkia, ikachanika. Akaitoa, akaikanda upya, akaisukuma tena. Ikachanika palepale.

Maduka yalishafungwa. Malipo ya awali yalishaisha kwenye mayai, siagi na sukari. Fondanti iliyobaki ni ile ile aliyoishika mkononi. Akanigeukia:

"Mdogo wangu, wewe si unasoma hesabu huko chuoni? Hebu niambie huyu samaki ana ugomvi gani na mimi."

Nilicheka kwanza. Halafu nikamwangalia yule samaki vizuri na nikaacha kucheka, kwa sababu swali lake lina jibu, na jibu lenyewe lina karibu miaka 200. Makala hii ni jibu nililompa usiku ule, ila hapa nimelipanga vizuri zaidi. Kama unapika keki za biashara, linaweza kukuokolea hela. Kama unasoma tu kwa udadisi, utaondoka na wazo moja kubwa la jiometri bila kukariri kanuni hata moja.

Kwanza, fondanti ni kitu gani?

Kwa lugha rahisi, fondanti ya kusukuma ni unga wa sukari laini sana uliokandwa na maji kidogo na viungo vichache mpaka ukawa kama donge la chapati. Sukari ndiyo sehemu kubwa. Lakini sukari na maji peke yake vingekupa kitu kinachomeguka kama udongo mkavu, kwa hiyo kuna wasaidizi watatu, kila mmoja na kazi yake.

Gelatini inatengeneza wavu mwembamba wa molekuli ndefu unaoshikilia chembe za sukari. Huo wavu ndio unaoifanya fondanti ivutike kidogo bila kukatika. Sharubati ya glukosi inazuia sukari isigeuke tena kuwa fuwele kubwa za kukwaruza ulimi. Gliserini inashika maji yasikimbie, hivyo fondanti inabaki laini. Wengi wanaongeza na mafuta magumu ya kupikia kidogo ili isinate mikononi.

(Kwa wenye wateja Waislamu: gelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Soma pakiti kabla, usisubiri kuulizwa siku ya harusi.)

Kumbuka jambo moja, tutalirudia: fondanti siyo karatasi na siyo mpira. Karatasi inapinda lakini haivutiki. Mpira unavutika lakini ukiuachia unarudi ulivyokuwa. Fondanti ukiisukuma kidogo kidogo inasogea, na ikishasogea inabaki hapo hapo. Ukiivuta ghafla, inachanika.

Keki ya duara nayo ina siri

Tuanze na keki ya kawaida, ile ya duara ambayo kila mtu anaijua. Tuseme kipenyo ni sentimita 20 na kimo ni sentimita 10. Ili shuka moja la fondanti lifunike juu na pembeni mpaka chini, linahitaji kutoka katikati, kwenda ukingoni (sentimita 10), halafu kushuka ukutani (sentimita 10 nyingine). Kwa hiyo unasukuma duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20.

Sasa piga hesabu ya mzingo. Ukingo wa shuka lako una urefu wa karibu sentimita 126. Lakini chini ya keki, pale ukingo huo unapotakiwa kukaa, mzingo ni karibu sentimita 63 tu. Yaani una pindo la sentimita 126 na unatakiwa kulikalisha kwenye nafasi ya 63. Nusu nzima imezidi! Iende wapi? Inajikunja. Hiyo mikunjo unayoiona chini ya keki ni ule urefu uliozidi ukitafuta pa kukaa, usidhani ni uzembe wa mkono wako.

Ongeza kimo mpaka sentimita 20, ule mtindo wa keki ndefu unaopendwa siku hizi. Sasa pindo la shuka linakuwa karibu sentimita 188, na nafasi ni ile ile 63. Umezidisha mara tatu. Ndiyo maana mafundi wengi keki ndefu hawaifuniki kwa shuka moja. Wanakata duara la juu peke yake, halafu utepe mmoja mrefu wa kuizungushia pembeni.

Na keki ya boksi? Chukua mraba wa sentimita 20 kwa 20, kimo 10. Shuka la sentimita 40 kwa 40 linaitosha. Kuta nne zinalala vizuri, lakini kila kona inabakiwa na mraba wa sentimita 10 kwa 10 usio na kazi. Kona nne, miraba minne, sentimita za mraba 400 za ziada. Ndiyo yale "masikio" yanayotokeza kwenye kona.

Bwana Gauss na deni la nyuzi 360

Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, aliwasilisha kazi yake kuhusu nyuso zilizopinda. Miaka ya kabla ya hapo alikuwa akisimamia upimaji wa ardhi ya Hanover, kwa hiyo suala la kuhamisha uso wa dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa lilikuwa kazi yake ya kila siku. Ndani ya kazi hiyo kuna matokeo aliyoyaita Theorema Egregium, kwa Kilatini, yaani nadharia ya kipekee.

Wazo lake ni hili. Weka kidole mahali popote kwenye uso wa kitu. Kutoka hapo, tafuta uelekeo ambao uso unapinda zaidi upande mmoja, na uelekeo unaopinda zaidi upande wa pili, au usiopinda kabisa. Zidisha mipindo hiyo miwili. Jibu linaitwa mpindo wa Gauss, na linaweza kuwa la aina tatu:

Sifuri. Uelekeo mmoja umenyooka kabisa. Meza ni hivyo, lakini hata ukuta wa ngoma ni hivyo: kuizunguka unapinda, kwenda chini umenyooka. Kitu kuzidisha sifuri ni sifuri. Kile kikaratasi cha koni cha muuza karanga nacho ni hivyo, ndiyo maana anakisokota kwa sekunde mbili bila mkunjo hata mmoja.

Chanya. Pande zote zinapinda kwenda uelekeo mmoja. Chungwa, mpira, tumbo la samaki.

Hasi. Upande mmoja unapinda kwenda huku, mwingine kwenda kule. Shika kiuno cha kibuyu: ukikizunguka kinajikunja kwa ndani ya mkono wako, ukitelezesha kidole kutoka juu kwenda chini kinabonyea. Huo ni mpindo hasi.

Alichothibitisha Gauss ni kwamba ukipinda uso wowote bila kuuvuta wala kuubana, namba hiyo haibadiliki. Fanya utakavyo, karatasi ni sifuri, itabaki sifuri. Inaweza kuwa bomba, inaweza kuwa koni, haiwezi kuwa mpira. Ukilazimisha, itakunjamana au itachanika. Ndiyo sababu hakuna ramani bapa ya dunia isiyodanganya mahali fulani. Ile ramani maarufu ya Mercator ya mwaka 1569 inaonyesha Greenland ikikaribiana na Afrika kwa ukubwa, wakati kiuhalisia Afrika ni kama mara 14 ya Greenland.

Sasa njoo kwenye keki. Kuna namna nzuri ya kuujumlisha mpindo wote wa umbo na kuupata kwa nyuzi, zile nyuzi za pembe tulizosoma shuleni. Nenda kwenye kona ya keki ya boksi. Pale zinakutana pembe tatu, kila moja nyuzi 90. Jumla ni 270. Kwenye meza bapa, pembe zinazozunguka nukta moja ni 360. Kwa hiyo kona imepungukiwa nyuzi 90, na fondanti yako, iliyozaliwa bapa, ina nyuzi 90 za ziada pale. Kona nne, nyuzi 90 kila moja: 360.

Ukipiga hesabu hiyo kwa keki ya nusu tufe, unapata 360. Keki ya duara, 360. Moyo, nyota, herufi ya jina la bibi harusi: ili mradi juu inafunikwa yote na kuta zinasimama wima mpaka kwenye kibao, jumla ni 360 ile ile. Mimi huliita deni la nyuzi 360. Kila keki inalo. Tofauti ni namna linavyogawanywa.

Nusu tufe imeligawa deni taratibu kwenye uso wake wote, kila sehemu inalipa kidogo. Ndiyo maana, ingawa inaonekana ya ajabu, kuifunika siyo kazi ngumu kivile. Keki ya duara imelikusanya deni lote kwenye ukingo wa juu. Boksi limelirundika kwenye nukta nne tu.

Na nyota? Hapa ndipo panapouma. Nyota ya kawaida ya ncha tano ina pembe ya nyuzi 36 kwenye kila ncha. Kila ncha ina ziada ya nyuzi 144, na ncha ziko tano: 720. Mara mbili ya deni! Sasa mbona jumla ni 360? Kwa sababu zile kona tano za ndani, kati ya ncha na ncha, zina deni la upande wa pili. Kila moja imepungukiwa fondanti kwa nyuzi 72, jumla 360 chini ya sifuri. Toa 360 kwenye 720, unarudi pale pale. Kwa hiyo nyota inakunjamana kwenye ncha na inachanika kwenye kona za ndani, kwa wakati mmoja, kwenye shuka lile lile.

Samaki wa dada ni hadithi hiyo hiyo. Tumbo ni chanya: kuna fondanti nyingi kuliko nafasi, inakunjamana. Kiuno kabla ya mkia ni hasi: kuna nafasi kubwa kuliko fondanti, inavutwa, inakuwa nyembamba, inachanika. Angeweza kurudia mara kumi, ingechanika palepale mara kumi.

Kama Gauss amekataa, mbona mafundi wanaweza?

Swali zuri. Gauss alisema bila kuvuta wala kubana, na fondanti inakubali vyote viwili kwa kiasi. Sharti ni moja tu: ujazo haupotei. Ukiibana kwa upana, lazima ijilipie mahali pengine. Ama inanenepa, ama inarefuka.

Rudi kwenye keki ya duara ya kwanza. Pindo la sentimita 126 likibanwa mpaka 63 bila kurefuka, fondanti ya milimita 4 itakuwa milimita 8 pale chini. Hiyo ni nzito, inaonekana kama keki imevaa koti. Lakini kama wakati unaibana kwa upana unaiachia ishuke, ile ziada inageuka kuwa urefu, unene unabaki vile vile, na kinachozidi chini unakikata kwa kisu. Ndicho kinachofanywa na fundi mzoefu. Mwangalie mikono: haikandamizi mikunjo. Anaifungua kwa nje kama anayenyoosha pindo la sketi, halafu anapapasa kutoka juu kwenda chini, kidogo kidogo, akizunguka keki. Ukikandamiza mkunjo, pande zake mbili zinagusana na kushikana, na hapo umeshapoteza.

Unene nao una hesabu yake. Ugumu wa shuka kupinda unakua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wa kupinda unakuwa mara nane. Shuka la milimita 2 linajikunja kwa urahisi sana, mikunjo mingi midogo midogo, na likivutwa halina akiba. Shuka la milimita 4 linakataa kujikunja na linakupa muda wa kulibana. Kwa maumbo ya ajabu, milimita 4 mpaka 5 ni rafiki yako. Mtu akikwambia fundi mzuri ni yule anayesukuma fondanti nyembamba kama karatasi, mwulize kama ameshawahi kufunika kibuyu.

Na kuhusu mwendo: ule wavu wa gelatini unahitaji muda kujipanga upya. Ukisukuma polepole kwa kiganja, molekuli zinateleza. Ukivuta ghafla, zinakatika. Kiganja kina faida nyingine: joto. Gelatini huanza kulegea kwenye nyuzijoto 30 na kitu, karibu na joto la ngozi yako. Mahali panapotaka kuvutika, paweke kiganja kwanza kwa sekunde chache. Ila usipitilize, ikilegea sana itateremka yenyewe.

Ziwa nalo linaingia jikoni

Mwanza tuna jambo ambalo vitabu vingi vya keki, vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi, havilifikirii: jirani yetu ni ziwa la karibu kilomita za mraba 68,800. Hewa ya huku, hasa miezi ya mvua, inabeba maji mengi, na sukari inapenda maji kuliko mimi ninavyopenda sato wa kuchoma. Hewa ikishakuwa na unyevu mwingi, sukari inayanyonya maji kutoka hewani. Fondanti inaanza kung'aa, inanata, halafu inateremka. Viungo kama glukosi na gliserini vinaongeza tamaa hiyo ya maji.

Kinyume chake, miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo mkavu unakausha uso wa shuka kabla ndani hakujakauka. Ukilipinda kwenye kona, uso unapasuka vipasuko vidogo kama ngozi ya tembo. Dawa ni kufunika donge kwa nailoni muda wote usiolisukuma, na kuzima feni. Ndiyo, kuzima feni, hata kama unatoka jasho.

Halafu kuna friji. Watu wengi wanaiweka keki yenye fondanti kwenye friji usiku kucha, asubuhi wanaitoa, na ndani ya dakika kumi inatoka jasho. Lile jasho limetoka hewani, ndani ya keki hakujavuja kitu. Hewa ya nyuzijoto 27 yenye unyevu wa asilimia 70 inaanza kudondosha umande ikigusa kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzijoto 21 hivi. Keki iliyotoka friji iko kwenye 5. Ni sawa na chupa ya soda ya baridi ukiiweka mezani. Ikikupata, usifute, maana utaacha alama za vidole na rangi itatapakaa. Iache ikauke yenyewe mahali penye hewa. Bora zaidi, kabla ya kuiweka friji, ifunge kwenye boksi na nailoni, na ukiitoa iache ndani ya boksi mpaka ipate joto la chumba. Umande utadondoka juu ya nailoni badala ya juu ya fondanti.

Basi tufanyeje? Umbo kwa umbo

Kanuni ya kwanza: anza na mabonde. Sehemu yoyote iliyobonyea, ibonyeze kwanza fondanti iguse keki, kabla ya pembeni kushikana. Ukianza pembeni, shuka litatanda juu ya bonde kama daraja, chini litabaki na hewa, na ukija kulibonyeza baadaye litachanika kwa sababu halina pa kuvutia.

Kanuni ya pili: ukiona deni kubwa limejikusanya mahali pamoja, usilazimishe. Kata. Fundi cherehani hafuniki kifua cha mteja kwa kitambaa kimoja bapa. Anakata vipande na kuvishona, mshono unakaa pasipoonekana. Nasi tufanye hivyo.

Ngoma ya Kisukuma, kwa sherehe za kimila au timu ya bugobogobo: kuta zake ni karibu sifuri. Utepe pembeni, duara juu, kiungo kifiche kwa kamba za fondanti. Ngoma halisi ina kamba pale pale, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Mpira wa miguu: ule wa kizamani una vipande 32, pembetano 12 na pembesita 20. Kila kona inakutanisha nyuzi 108, 120 na 120, jumla 348. Imepungukiwa nyuzi 12 tu. Yaani deni limegawanywa kwenye kona nyingi, kila moja inalipa kidogo, na kila kipande kinahitaji kupinda kidogo sana. Kata vipande, vibandike kimoja kimoja kwa brashi ya maji.

Jiwe la Bismarck: kila mgeni wa Mwanza anapiga nalo picha, na sasa watu wanaliagiza kama keki. Usifunike mawe yote kwa shuka moja. Funika kila jiwe peke yake, kwa sababu kila jiwe peke yake ni chanya na linafunikika. Mahali mawe yanapokutana ndipo mpindo hasi ulipo, na ndipo nyufa za kweli zilipo. Mshono wako umekuwa ufa wa jiwe. Mikunjo miwili mitatu ikibaki, ni itale, nani atalalamika?

Kibuyu: vipande viwili, kushoto na kulia, mshono upite pembeni na kufichwa kwa shanga. Kiunoni weka fondanti nene zaidi, kwa sababu ndipo itakapovutwa.

Nyota: funika kwa shuka moja nene. Anza na kona tano za ndani: bonyeza kila moja kwa kiganja cha joto mpaka iguse keki, ndipo uende kwenye ncha. Kwenye ncha, ziada ibane kwa vidole viwili iwe sikio moja, ikate kwa mkasi ukifuata ncha, lainisha mshono kwa kidole chenye mafuta kidogo.

Pima kwa gazeti kabla ya kupokea hela

Hili ndilo ningependa ulikumbuke hata kama mengine yote utayasahau. Karatasi haivutiki, kwa hiyo karatasi haidanganyi. Kabla hujakubali oda ya umbo usilolijua, chonga mfano mdogo kwa sponji au udongo, au hata kwa kiazi. Ufunike kwa kipande cha gazeti, ukikibana vizuri. Mahali gazeti linapojikunja, fondanti itazidi. Mahali linapochanika au linapokataa kugusa, fondanti itapungua. Kata gazeti kwenye mikunjo, liunganishe kwa selotepu, halafu lifumue. Vipande utakavyopata ndiyo ramani ya fondanti yako, na idadi ya vipande ni ishara ya kazi inayokusubiri. Keki inauzwa kwa kilo, lakini deni la umbo halipimwi kwa kilo. Kilo tatu za boksi na kilo tatu za sangara si bei moja, na sasa una sababu ya kumweleza mteja.

Jaribu leo, hata kama huna mpango wa kupika. Chukua chungwa na kipande cha gazeti, jaribu kulifunika bila mkunjo. Halafu jaribu kopo la maziwa. Utamwelewa Gauss kwa vidole.

Usiku ule tulifanya hivyo hivyo. Tulimfunika samaki kwa gazeti, saa tano na nusu, watu wazima wawili. Gazeti likajikunja tumboni na kupasuka kiunoni, kama fondanti ilivyofanya. Tukalikata. Likatupa vipande vitatu: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mkia. Fondanti iliyochanika ikakandwa upya, ikasukumwa kwa unene wa milimita 5, ikakatwa kwa kufuata gazeti. Mshono wa mgongoni ukafichwa na pezi. Mshono wa kiunoni ukapotea chini ya magamba, ambayo dada aliyachora moja moja kwa ukingo wa kijiko mpaka saa nane usiku.

Mchana wake ilienda kwa bajaji, dada ameipakata njia nzima. Mzee alimwangalia yule sangara muda mrefu bila kusema neno, halafu akapitisha kidole kiunoni, pale pale kwenye mshono.

"Huyu aliwahi kukatwa na wavu," akasema. "Sehemu hii ndiyo hukatwa."

Dada akanitazama. Hatukumsahihisha.